Je, Mti Hutumaini?



Swali lililonifanya nishike kalamu halikutoka katika vitabu vya wanafalsafa. Lilitoka katika dawati la tatu la darasa langu. Ilikuwa wiki ya pili ya Septemba 2025, nasi tulikuwa tukifasiri kwa Kiswahili kifungu kifupi cha Kifaransa juu ya majira manne ya mwaka. Tulipofika kwenye neno printemps tukakwama. Nikawapa maneno niliyokuwa nayo: wapo wasemao majira ya kuchipua, wapo wasemao machipuko, na wengine wamelibebesha neno masika mzigo huo, ingawa mwenye masika yake kule pwani ajua kwamba ni mvua kubwa za Machi hadi Mei, wala si habari ya theluji kuyeyuka. Msichana mmoja akainua mkono akauliza, "Mwalimu, sisi huku Lubumbashi tunayo majira hayo?" Nikamjibu upesi, kama tufanyavyo walimu kengele inapokaribia kulia: "La. Sisi tuna majira mawili tu, kiangazi na mvua." Akaliandika jibu langu daftarini kwa wino.

Jioni ya siku ile ile nilifika nyumbani nikaona kwamba nimefundisha uongo.

Wenzangu wa pwani na wa nchi za maziwa, ambao mvua huwajia mara mbili kwa mwaka, yafaa niwaeleze hali ya huku. Lubumbashi iko kusini mashariki kabisa mwa Kongo, katika uwanda wa juu wenye kimo cha mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari. Mvua zetu huanza Oktoba, hushika barabara Novemba, na hukoma Aprili. Baada ya hapo, kwa muda wa miezi mitano, mbingu hufungwa. Juni na Julai ni miezi ya baridi. Alfajiri twatoka na makoti, na mtoto asiye na soksi hulia njiani. Agosti huja na upepo, vumbi jekundu na moshi wa nyika zinazochomwa. Septemba joto hupanda kwa ghafula, na hewa huwa kavu hata midomo ikapasuka. Huo ndio mwezi ambao mtu mwenye akili zake hatazamii kuona jani jipya.

Bustani yangu si kubwa. Ni kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, kilichozungukwa na ukuta wa matofali ya kuchoma. (Ukuta huo nitaurudia baadaye, kwa kuwa una dhambi yake.) Ndani yake mna mwembe mmoja, mlimau mmoja, migomba mitatu, na kitalu cha mboga ambacho ni himaya ya mke wangu: lengalenga, matembele, na mihogo michache ambayo majani yake hutwangwa yakawa sombe. Pembeni kabisa umesimama muombo mmoja wa kale, mabaki ya msitu uliokuwapo hapo kabla ya mji kufika. Nilipokinunua kiwanja mwaka 2009, miti mingine yote ilikuwa imekwisha kuwa makaa. Huu ulisalimika kwa sababu ulisimama mpakani, na majirani wawili hawakupatana ni wa nani. Ugomvi wa watu nao, mara moja moja, huhifadhi kitu.

Katikati ya Agosti kisima chetu kilianza kutoa tope. Mke wangu akaamua kwamba maji yaliyosalia ni ya kupikia na kuoga, akaiacha mboga ife. Bustani ikawa mahali pa kupita tu, kama uwanja wa shule wakati wa likizo. Majani ya migomba yalichanika yakaning'inia. Kitalu kikawa kigumu kama sakafu. Jembe likianguka lililia kana kwamba limegonga jiwe. Muombo nao ukapukutisha majani yake ya mwisho, ukabaki na matawi matupu yenye vumbi.

Basi jioni ile ya Septemba nilisukuma lango nikaukuta umewaka. Kila ncha ya tawi ilikuwa imetoa majani madogo, laini, yaliyokunjana kama viganja vya mtoto mchanga, na rangi yake haikuwa kijani bali nyekundu, nyekundu ya shaba iliyosuguliwa. Jua lilikuwa likitua nyuma yake na mwanga ukayapenya. Tangu Aprili halikuwa limeanguka tone. Nilisimama na mkoba begani hata mke wangu akaniuliza kama nimeibiwa.

Tangu siku hiyo nikawa natoka na kikombe cha chai kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni. Wekundu wa muombo ulidumu siku chache. Ukageuka hudhurungi, ukaingia rangi ya zeituni, na kufikia mwisho wa mwezi mti ulikuwa wa kijani, na chini yake palikuwa na kivuli cha kumtosha mtu kuketi. Mwembe, ambao ulitoa maua yake katika baridi, ulikuwa na viembe vya ukubwa wa ncha ya kidole. Mlimau ulichipua upande mmoja tu, ule wa mahali tunapomwaga maji ya kuoshea vyombo. Huko mjini mijakaranda ilianza kufunguka zambarau kandokando ya barabara, nayo pasipo mvua. Lakini kitalu cha mke wangu kilikuwa kimya. Lengalenga haikuonyesha dalili yoyote. Tangawizi iliyokuwa kando ya kisima ilitoweka kana kwamba haikupata kuwako. Bustani moja, udongo mmoja, jua moja. Nusu yake imeamka, na nusu yake haisikii mtu.

Mwalimu wa lugha hawezi kutazama jambo pasipo kulitafutia neno, na hapo ndipo nilipoanza kuona ugumu. Mbegu huota. Tawi na kisiki huchipua. Aliyekufa, akirudi, hufufuka. Maneno haya matatu si mamoja, na wanafunzi wetu huyachanganya kwa kuwa nasi twayachanganya. Jirani yangu alipita nje ya lango akasema kwa sauti, "Tazameni, mti wa mwalimu umefufuka." Haukufufuka, kwa maana haukufa. Wala haukuota. Ulichipua, na kuchipua ni tendo la kitu ambacho tayari kimo. Nililisahihisha neno la jirani moyoni, nikajiona nimemaliza kazi. Kumbe nilikuwa nimeshika ufunguo, nami sikuujaribu mlangoni.

Kesho yake nilirudi darasani nikafuta jibu langu mbele ya wanafunzi wote. Nikawaambia kwamba sisi nasi tunayo majira ya kuchipua, tena ya ajabu kuliko yale ya Ulaya, kwa kuwa kule mti hungoja baridi iondoke, ilhali huku mti hautoki katika shida, bali hutoa majani katikati ya shida. Nikaendelea, kama mwalimu aendeleavyo akiona macho yamemkazia. Nikasema: muombo hutumaini mvua ambayo haujaiona. Nanyi wanangu, katika nchi hii yenye taabu, kuweni kama muombo. Darasa likanyamaza kwa namna ile tuipendayo. Nilitoka nikiwa nimeridhika sana na nafsi yangu, na jambo hilo peke yake lilipasa kunitia shaka.

Jumapili iliyofuata akaja mpwa wangu, mwana wa dada yangu mkubwa. Ana umri wa miaka 24. Alisoma chuo kikuu miaka miwili, na sasa huleta makaa mjini kwa baiskeli kutoka misitu iliyo mbali zaidi ya kilomita 40, maana ya karibu imekwisha. Kila apitapo hutuachia makaa ya kutosha juma zima, wala hakubali kulipwa. Nilimkaribisha chini ya muombo, nikamrudia hotuba yangu yote, neno kwa neno, mpaka pale pa kuwa kama mti.

Alinisikiliza akiwa amesimama, kwa adabu, glasi ya maji mkononi. Alichojibu alikijibu kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi, nami nakiandika hapa kwa sanifu. Naomba radhi kwake kwa kumvika koti ambalo si lake.

"Mjomba," alisema, "huu mti hautumaini. Huu mti una mizizi."

Nikamwomba aeleze. "Kule tunakochoma makaa, visiki navyo hutoa majani mekundu mwezi huu huu. Unakata mti Mei, ukirudi Septemba kisiki kimechipua machipukizi kumi. Asiyejua husema kisiki kina moyo. Lakini pale walipong'oa mpaka mizizi ili walime, au pale tulipojenga tanuru na moto ukaunguza udongo, hapachipui kitu, hata mvua inyeshe vipi." Akanywa maji yaliyobaki, akashukuru, akashika baiskeli yake.

Hakusema zaidi, na adabu yake isingemruhusu kusema zaidi. Yaliyobaki niliyasema mimi mwenyewe, usiku, nikiwa nimelala chali.

Mwezi Oktoba 2024, kabla ya kujiandikisha kwa mwaka wake wa tatu, kijana huyu alikuja kwangu. Baba yake alikwisha kufariki na mama yake huuza mboga sokoni. Hakuomba kwa maneno mengi. Alitaja kiasi cha ada akanyamaza. Wakati huo nilikuwa nimeweka dola 400 za kuinua ukuta, kwa sababu wezi waliingia kwa jirani. Nilimweleza hali yangu, na hali yangu ilikuwa kweli: mshahara wa mwalimu mnaujua, na watoto wangu wanne nao wanasoma. Kisha nikafanya jambo ambalo leo linaniuma kuliko kule kumnyima. Nilimpa maneno. Nilimwambia asikate tamaa, nilimwambia atumaini, nilimwambia subira huvuta heri. Aliitika, "Ndiyo, mjomba." Ukuta uliongezwa safu nane za matofali, ukakamilika Novemba. Wezi hawakuja, sijui kama wangekuja.

Wasomaji wasiojua mila za huku waelewe kwamba kwa watu wengi wa kusini mwa Katanga, wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama, mjomba si jamaa wa kutembelewa siku ya sikukuu. Mtoto wa dada ni wako. Akikosa, wewe ndiwe uliyekosa kwanza.

Sikutaka kuliacha jambo la mizizi likiwa hadithi ya kijana wa makaa. Nikamwendea mwenzangu afundishaye elimu ya viumbe, naye akathibitisha kila neno. Miti ya miombo, alisema, huweza kutoa majani wiki kadhaa kabla ya mvua kwa kuwa mizizi yake huzama mita nyingi chini, kwenye udongo ambao bado una unyevu, na kwa kuwa imeweka ndani ya mizizi na shina chakula ilichokitengeneza wakati wa mvua iliyopita. Joto la Septemba ndilo huiamsha. Majani yale mekundu hayanunuliwi kwa mvua ijayo. Yamekwisha kulipiwa na mvua iliyopita. Akaniongezea jambo moja ambalo sikulijua. Mche mchanga wa miombo, ulioota kwa mbegu, hufa shina lake kila kiangazi, kwa ukavu au kwa moto, kisha huchipua tena chini kwa chini. Huendelea hivyo kwa miaka kadhaa. Mtu apitaye huona kijiti kilichoungua na kusema hapa hapana kitu. Kumbe miaka yote hiyo mche unajenga mzizi, na siku mzizi ukitosha, shina hupanda lisirudi nyuma.

Hapa basi ndipo swali lenyewe lilipo, nami naliweka mbele yenu kwa sababu sisi walimu ndio wauzaji wakubwa wa bidhaa hii. Je, yatupasa kumtaka mtu atumaini? Twaweza kumwamuru mtu awahi, aandike vizuri, aache kusema uongo. Mambo hayo yamo katika uwezo wake. Je, tumaini nalo limo katika uwezo wake? Kama tumaini ni kama lile la muombo, basi si uamuzi wa siku ya ukame. Ni matumizi ya akiba. Na mwenye kumwambia mwenzake "tumaini" anamwambia atoe katika ghala, pasipo kuuliza ni nani aliyepata kuweka kitu humo.

Lugha yetu yenyewe ina neno la kutufundisha hapa. Hatusemi sana kukata tumaini. Twasema kukata tamaa. Tamaa ni ile ile tunayoionya kila siku, ya mwenye kutaka kisicho chake, na bado ndiyo tunayomsihi mwenye shida asiikate. Kana kwamba wazee walioiunda kauli hiyo walijua kwamba kinachokatika kwa maskini si fadhila fulani ya juu mbinguni, bali ni kule kutaka tu: kutaka kula, kutaka kusoma, kutaka kuitwa kwa jina lake. Mtu aliyekatwa hapo hahitaji hotuba.

Nilipoyasema haya katika chumba cha walimu, mzee wetu mmoja, mcha Mungu na mwalimu wa miaka mingi, alinipinga kwa ukali. Alisema nafanya tumaini kuwa mali ya matajiri. Alisema amewaona watu waliopoteza kila kitu, wasio na akiba ya aina yoyote, na bado walitumaini. Na kwamba nikiwaambia wanafunzi kuwa asiye na mizizi hawezi kuchipua, nitakuwa nimewahukumu nusu ya darasa. Pingamizi hilo ni zito, nami sikulala nalo vizuri. Ni kweli wapo watu wa namna hiyo. Nami nilimjua mmoja wao, maana alinizaa.

Mwaka 1993, serikali ya Zaire ilipobadilisha noti na bei zikawa zinapanda kati ya asubuhi na jioni, mimi nilikuwa mtoto wa miaka 12. Mshahara wa baba, ulipopatikana, haukufika siku ya tatu. Mama alilima kipande cha ardhi juu ya kichuguu kikubwa nje ya mji, kwa kuwa udongo wa kichuguu una rutuba. Miezi ya Desemba na Januari, ambapo mahindi ya zamani yamekwisha na mapya hayajakomaa, tulikula mara moja kwa siku. Juu ya jiko letu yalining'inia magunzi kumi na mawili ya mahindi, yamefungwa kwa maganda yake, meusi kwa moshi, yakingoja msimu wa pili wa bonde. Nyuma ya nyumba, kivulini, vilisimama vipande vya miti ya mihogo, ncha zake zimefukiwa udongoni visikauke. Siku moja mdogo wangu alilia kwa njaa mpaka akachoka, nami nikamwambia mama, mahindi yale pale. Mama hakunipiga. Alisema, "Yale si chakula." Akatoka nje, akakaa na mtoto mapajani mpaka akalala.

Mtu angemwona mama yangu wakati ule angesema ni mwanamke asiye na kitu, na bado ana tumaini. Lo, moyo ulioje! Angekosea vile vile nilivyokosea mimi kwa muombo. Alikuwa na magunzi kumi na mawili. Na hayo hakuyapata kwa kutumaini mwezi Desemba. Aliyachagua Aprili, wakati tulipokuwa tumeshiba, akayatenga yaliyo bora kuliko yote, sisi watoto tukinung'unika. Sisemi kwamba mzee wetu hana haki. Nasema tu kwamba kila nikiwafikiria wale anaowataja, waliotumaini bila kitu, huanza kuuliza nani aliwawekea magunzi, na mara nyingi namwona mtu nyuma yao: nyanya, mchungaji, jirani, mwalimu. Pengine siku moja nitamkuta ambaye hakuwa na mtu kabisa. Siku hiyo nitakaa kimya mbele yake. Sitamfanya mfano wa darasani.

Lipo jambo jingine ambalo bustani ilinionyesha, nalo lanihusu kitalu kile kilichonyamaza. Tarehe za mwanzo za Oktoba ilinyesha mvua moja ya ghafula, ya nusu saa, yenye ngurumo nyingi kuliko maji. Watoto walitoka wakacheza. Siku ya nne kitalu kilikuwa na vumbi la kijani: lengalenga iliyojipanda yenyewe kwa mbegu za mwaka jana imeota. Mke wangu alitazama akatikisa kichwa. Jua lilirudi, mvua haikurudi, na baada ya wiki moja vumbi lile la kijani lilikuwa limekauka lote. Mbegu zilizoiamini mvua ile zilikufa. Lakini si mbegu zote zilizokuwa zimeota. Nyingine zilibaki udongoni, hazikushawishika, na wala tangawizi haikuinua kichwa.

Zamani ningesema kwamba mbegu zile zilizobaki zimekata tamaa. Sasa sithubutu. Kitu kisicho na mzizi mrefu hakina ruhusa ya kukosea mara mbili. Muombo ukitoa majani na mvua ikachelewa, utapata hasara ya majani; lengalenga ikikosea, imekwisha. Ni haki gani basi kupima vyote viwili kwa kipimo kimoja, na kukiita kimoja kijasiri na kingine kivivu? Nikawakumbuka wanafunzi ambao katika taarifa za shule nimepata kuwaandikia "hana bidii", "hajitokezi", "haamini uwezo wake". Wengine wao walikwisha kuota mara moja, kwa mvua ya nusu saa: mfadhili aliyelipa muhula mmoja akaondoka, baba aliyerudi nyumbani kwa mwezi mmoja. Nilikuwa nikisahihisha lugha yao, nao walikuwa wakipima unyevu.

Mvua za kweli zilishika katika juma la tatu la Oktoba. Tangawizi ilichomoza siku mbili baadaye, bila haraka na bila kuomba radhi. Kitalu kikawa kijani kwa mara ya pili, na safari hii mke wangu alileta uzio wa vijiti kuwazuia kuku.

Jumapili ya mwisho ya mwezi nilimwita mpwa wangu. Sisi walimu wa shule yetu tuna likelemba, yaani chama cha kuchangiana, ambapo kila mwezi mmoja wetu hupokea michango ya wote. Nilikuwa nimewaomba wenzangu wanipe zamu ya kwanza, na kwa hisani yao wakakubali. Niliweka bahasha juu ya kigoda kati yetu, nikamwambia kuwa hii ni sehemu ya kwanza ya ada, akajiandikishe. Nilitazamia furaha, labda nilitazamia hata machozi.

Aliitazama bahasha pasipo kuigusa. "Asante, mjomba," alisema. Kisha, kwa upole sana, "Na sehemu ya pili?"

Nilikuwa na maneno tayari mdomoni, yale yale ya mwaka uliopita. Niliyameza. Nikamweleza ukweli: kwamba sehemu ya pili itadaiwa Machi, kwamba zamu yangu nyingine ya likelemba haitafika kabla ya Juni, kwamba mke wangu amekubali tuuze matofali yaliyobaki na lango la chuma, na kwamba fedha hizo, kwa hesabu yangu, hufika karibu na kiasi kinachotakiwa lakini hazikifikii. Nilimtajia tofauti yake kwa dola. Alihesabu kimya kimya. Niliona midomo yake ikitembea. Akasema ana tanuru moja huko msituni ambalo bado linawaka, na tanuru haliachwi. Likipoa na makaa yakiuzwa, huenda tofauti ile ikapungua. Atanijibu akirudi.

Hajarudi bado ninapoandika haya. Siku ile alipoinuka kwenda zake, alipita kando ya kitalu, akainama juu ya lengalenga, akachomeka kidole udongoni kuona unyevu umefika wapi. Ulifika kiungo cha pili. Akakifuta kidole kwenye suruali, akashika baiskeli yake.